Kulewa mawimbi ziwani: jikinge kabla chombo hakijaondoka

Ukivuka kutoka Entebbe kwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, Uganda, usingoje kichefuchefu kikupande. Kidonge cha kuzuia kutapika humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari, ukichelewa utakitapika. Huleta usingizi, kwa hiyo nahodha asikiguse. Mjamzito amuulize mfamasia kwanza.

Kinacholewesha ni ugomvi wa macho na sikio la ndani: sikio linahisi chombo kinayumba, macho yaliyoinamia simu yanasema umetulia. Basi simu iende mfukoni. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na anga, au kisiwa kilicho mbele. Kaa katikati, si kwenye omo, yaani mbele ya chombo, maana huko ndiko kunakoruka zaidi, na ujitenge na moshi wa injini na harufu ya mukene, yaani dagaa.

Tumbo tupu ni baya sawa na lililoshiba mno. Mimi hula ndizi mbivu, kisha natafuna tangawizi njiani.

Ukizidiwa, lala chali ufumbe macho. Kutapika, tapikia kwenye mfuko wa kubebea vitu. Tafadhali sana, usiinamie ukingo wa mtumbwi, wala usivue jaketi la kujiokolea.