Kalymnos na watoto: soma idadi ya kuingia kwenye viza yako kabla ya kupanda boti

Kabla ya kukata tiketi yoyote, fungua pasipoti utazame kibandiko cha viza ya Shengeni (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo), pale penye idadi ya kuingia. Ukiona MULT, unaingia na kutoka. Ukiona 01, unaingia mara moja tu. Yangu ilikuwa 01, na sikuisoma.

Tulikwenda kupanda miamba Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, likizo ya Oktoba. Mume wangu na watoto wana pasipoti za Uingereza. Mimi bado nina ya Tanzania, maana kwetu hakuna uraia pacha. Njia ni rahisi: ndege hadi kisiwa jirani cha Kos, teksi hadi bandari ya Mastichari, feri hadi Pothia, bandari ya Kalymnos. Kijiji cha Massouri kuna walimu wa kupanda, na vifaa vinakodishwa.

Siku ya nne tukarudi Kos kutembea, tukaona boti za kwenda Bodrum, Uturuki, nje ya Shengeni lakini ng'ambo tu pale. Viza ya Uturuki nilikuwa nayo. Shangazi alishaniambia kwenye simu, "Viza ni viza, mwanangu. Mbona Namanga watu wanavuka asubuhi, jioni wamerudi?" Shangazi yangu, nakupenda, lakini Kos si Namanga. Ukishapita mpaka wa kutoka, viza ya 01 imekwisha, hata kama tarehe zake bado. Narudia: imekwisha, hata kama mizigo yako iko hotelini na watoto wako wameshapanda boti ya kurudi.

Jioni nikazuiwa Bodrum. Watoto wakarudi na baba yao, mdogo analia. Mimi nikalala kule, kesho yake nikalipa tiketi ya London kwa bei ya kuumiza. Afisa aliyenigongea muhuri asubuhi hakusema neno. Ulaya ndivyo: ukishapewa karatasi, wanahesabu umeisoma. Kwetu angalau mtu angeuliza, "Mama, unajua hurudi?" Lakini nje ya ofisi Wagiriki ni watu wa utu mkubwa, bibi mwenye nyumba aliwapikia wanangu kila siku iliyobaki, akakataa pesa.

Kwenye fomu omba kuingia mara nyingi, ueleze sababu. Ikitoka 01, usivuke. Usivuke hata kwa saa mbili. Bima ya safari isipungue euro 30,000, na itaje kupanda miamba kwa jina.

Makumbusho ya Pothia msiyaache. Kuna sanamu ya shaba ya mwanamke aliyejitanda nguo, iliyonaswa na wavuvi baharini mwaka 1994. Wanangu walisimama mbele yake bila mimi. Nimeiona kwenye picha waliyonitumia.