Hita ya maji inajizima kila mara? Anza na maji yenyewe

Simu huwa zinafanana. "Fundi, hita inachemsha kidogo halafu inakata. Kile kitufe chekundu nimekibonyeza mpaka nimechoka." Swali langu la kwanza halihusu umeme: mnatumia maji ya bomba au ya kisima?

Wengi hushangaa, maana hapa Mwanza ziwa lipo mlangoni. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa ya kusumbua hita. Tatizo hili nalikuta zaidi pembezoni, Buswelu au Kisesa, kwa mtu aliyechimba kisima chake. Maji ya kisima yakiwa magumu, kila yanapopata moto chokaa inajitenga na kuganda kwenye elementi, yaani chuma kinachopasha maji ndani ya hita, kama ukoko wa wali kwenye sufuria.

Hatua ya 1: Pima maji. Chungulia ndani ya birika la umeme. Ukiona magamba meupe, na sabuni ya mche inagoma kutoa povu, maji ni magumu. Birika likiwa safi, usihangaike na ukoko. Mshuku thamostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto, au nyaya zilizolegea.

Hatua ya 2: Jua kinachokata ni kipi. Taa ikizima maji yakiwa moto, kisha ikawaka yenyewe baadaye, hiyo ni thamostati inafanya kazi yake. Usimwite fundi. Breka ikidondoka, mara nyingi elementi imepasuka na umeme unavuja, usiirudishe. Kitufe chekundu kikiruka huku maji bado vuguvugu, hapo ndipo ukoko unapohusika: umeifunika elementi, joto halipenyi kwenda kwenye maji, linaishia kwenye kijiti cha thamostati kilicho pembeni yake. Kitufe kinaruka ili hita isiungue. Ukiendelea kukibonyeza unaiunguza wewe mwenyewe.

Hatua ya 3: Zima breka, siyo swichi tu. Hakikisha kwa tesita kwamba nyaya za hita hazina umeme. Subiri maji yapoe, funga yanayoingia, fungua koki ya moto, kisha mwaga yote.

Hatua ya 4: Pima elementi kwa mita ya umeme, upande wa omu (ukinzani). Chomoa nyaya zake. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya wati 1,500 isome omu 35 hivi. Ya wati 2,000, kama 26. Kisha pima kati ya ncha yake na bodi ya hita. Hapo mita isisome chochote. Ikisoma, nunua mpya, hiyo haina dawa.

Hatua ya 5: Itoe uisafishe. Legeza nati za kifuniko kidogo kidogo, kwa kupishana. Kuna hita moja niliifungua Buswelu, elementi ikagoma kupita kwenye tundu lake: ilikuwa imenenepa kama muhogo, na chini ya tangi magamba yalijaa nusu ndoo. Mwenye nyumba alidhani ni mchanga.

Usigonge kwa nyundo. Fungua kwanza ile fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, uiweke pembeni, maana asidi inaila. Ikiwa imebaki waya tu, badilisha. Loweka elementi kwenye siki, au asidi ya sitriki vijiko viwili vya chakula kwa lita ya maji ya uvuguvugu, ncha za umeme zikibaki juu, kavu. Itachemka povu. Povu likitulia, sugua kwa brashi ya plastiki. Asidi ya kusafishia choo hapana, inakula chuma chenyewe.

Hatua ya 6: Maji kwanza, umeme baadaye. Funga kwa gasketi mpya. Jaza tangi huku koki ya moto ikiwa wazi, mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa. Hapo ndipo uwashe. Elementi ikiwashwa nje ya maji inaungua papo hapo. Weka nyuzi joto 60. Ukipandisha zaidi, ukoko unaganda haraka.

Usisahau valvu ya usalama. Nimekuta watu wameiziba kwa plagi kwa sababu inadondosha maji. Kudondosha wakati maji yanapashwa ni kawaida, hiyo ni presha inapumua. Ukiiziba, umetengeneza bomu juu ya bafu lako.

Kwa kisima chenye maji magumu, fungua tena baada ya miezi sita. Ukikuta ukoko mwembamba kama ganda la yai, safari ijayo subiri mwaka. Mwenye tangi la maji ya mvua aunganishe hita huko, kisima kibaki cha bustani na choo.