Kumwandikia mfungwa kwa mara ya kwanza: somo kwa walio Arusha na Moshi

Somo hili ni la mtu anayetaka kuandikiana barua na mfungwa aliyeko gereza la Karanga (Moshi), la Kisongo (Arusha) au gereza jingine, mfungwa ambaye si ndugu yake wala hawajawahi kuonana. Ndugu wana mizigo yao: wakili, ada za watoto, nauli za kwenda kumwona. Rafiki wa barua ana kazi moja tu, nayo ni kufika kila anapotarajiwa. Ukurasa mmoja unaokuja kila mwezi una maana kwake kuliko kurasa sita za Pasaka halafu kimya mpaka Krismasi. Kama huna hakika utaweza kuandika mwaka mzima, subiri kwanza. Mtu aliye ndani ameshaachwa na wengi, na kila anayeanza kisha akapotea anamwongezea.

Hatua ya 1: Kumpata wa kumwandikia

Usitafute majina mtandaoni. Njia nzuri ni kupitia mtu anayeingia gerezani kwa kazi yake: kasisi, mchungaji au sheikh anayetoa huduma huko, au ofisa ustawi wa jamii. Mwambie unataka kumwandikia mtu asiyetembelewa, na umwombe amuulize mhusika kwanza kama anapenda. Wapo wasiopenda, na hiyo ni haki yao.

Akikubali, chukua mambo manne: majina yake matatu kama yalivyo kwenye kumbukumbu za gereza, namba yake ya mfungwa, gereza alipo, na kama anasoma mwenyewe au husomewa. Majina matatu si urasimu. Kwa mkoa wa Kilimanjaro, akina Mushi, Massawe na Kimaro ni wengi kila mahali, na gerezani pia. Barua yenye jina moja na ukoo inaweza kuzunguka mabweni yote kisha ikarudi ofisini bila mwenyewe.

Kosa lake usiliulize, si kwa mchungaji wala kwake. Akitaka atakueleza siku moja, pengine baada ya barua ya kumi.

Kwa anayeanza tunashauri aandike kwa mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa, si mahabusu. Mahabusu kesi yake bado inaendelea: leo yuko, kesho yuko mahakamani, keshokutwa amepata dhamana. Zaidi ya hapo, jambo lolote atakaloandika kuhusu kesi linaweza kumrudia vibaya.

Hatua ya 2: Anwani ya kupokelea majibu

Usiandike mtaa unaoishi wala namba ya simu. Tumia sanduku la posta. Wengi hatuna sanduku letu, kwa hiyo omba ruhusa kutumia la usharika, la msikiti au la kikundi, na umweleze karani anayefungua sanduku hilo kwamba barua za kutoka gerezani zitakuwa zinakuja kwa jina lako. Usipomwambia, barua ya kwanza itakaa mezani kwake wiki tatu akijiuliza ni ya nani.

Hatua ya 3: Vifaa

Karatasi ya mistari, kalamu ya wino wa bluu au mweusi, bahasha nyeupe ya kawaida, stempu. Basi. Usibane karatasi kwa pini wala kibanio, usipulizie manukato, usitume kadi yenye pambo la kubandika au ile inayoimba ukiifungua. Kila barua hufunguliwa na kusomwa na askari magereza kabla ya kumfikia mfungwa. Kitu chochote chenye tabaka mbili kinaweza kuficha kitu, kwa hiyo kitachanwa au kitazuiwa. Pesa taslimu usiweke kabisa.

Hatua ya 4: Bahasha

Mbele andika hivi, kwa herufi kubwa zinazosomeka:

Ndugu (majina yote matatu)
Na. ya mfungwa (…)
Kupitia: Mkuu wa Gereza
Gereza Kuu Karanga
S.L.P. (…), Moshi

Kwa Arusha badilisha jina la gereza na mji. Namba ya sanduku iulize getini au kwa yule aliyekuunganisha, usikisie. Neno «Kupitia» lisikosekane, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba unajua barua inapita wapi na huna cha kuficha. Nyuma ya bahasha andika jina lako na sanduku lako.

Ukipeleka kwa mkono badala ya posta, iache bahasha bila kuigundisha. Itafunguliwa vyovyote, na ukiiacha wazi unamrahisishia kazi askari wa mapokezi.

Hatua ya 5: Barua ya kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, tena kwa kuandika mengi kupita kiasi. Jipe ukurasa mmoja. Nelson Mandela alipofungwa Robben Island, mwanzoni aliruhusiwa barua moja kwa miezi sita, isiyozidi maneno 500, na katika nafasi hiyo finyu mtu anaweza kusema mengi. Mfano wa barua ya kwanza inayofaa ni huu:

«Ndugu yangu, salaam. Naitwa Neema. Mchungaji ameniambia umekubali kupokea barua zangu, nami nashukuru. Ninaishi Moshi, nashona nguo na kufuga kuku. Masika imeanza wiki iliyopita na njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Juzi tetea wangu mweusi ameangua vifaranga tisa, wawili hawakuishi, saba wanakimbia uani. Leo mlima ulikuwa wazi mpaka saa mbili asubuhi, halafu ukajifunika. Nikuambie mapema kwamba sitaweza kutuma pesa wala kusaidia mambo ya kesi. Ninachoweza ni kukuandikia kila mwezi, wiki ya kwanza. Kwenu mlikuwa mnafuga nini ulipokuwa mdogo? Mimi rafiki yako, Neema.»

Angalia kilichomo. Kuna kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, yule tetea na vifaranga vyake. Mtu anayeona ukuta uleule kila siku atamkumbuka tetea huyo wiki nzima, na barua ijayo atauliza wale saba wamefikia wapi. Mipaka imesemwa wazi tangu mwanzo, kwa upole, kabla hajaomba chochote. Kuna ahadi moja ndogo yenye tarehe. Na kuna swali moja tu, la utotoni, ambalo halimgusi mtu kwenye kidonda. Maswali matano kwa pamoja yanafanana na mahojiano ya polisi.

Yasiyofaa kwenye barua ya kwanza: mahubiri marefu ya toba, pole nyingi za kumfanya ajione maiti, na maneno kama «najua utatoka karibuni», kwa sababu hujui. Usiulize kabisa kuhusu mageti, zamu za askari, ukuta au ratiba ya kutoka kwenda kazini. Unaweza kuuliza kwa nia safi, lakini atakayesoma kabla yake ana wajibu wa kulitazama swali kwa jicho jingine, na wa kuulizwa atakuwa yeye aliye ndani, si wewe. Ukitaka kujua siku yake inakwendaje, uliza anajifunza kazi gani. Karanga inajulikana kwa viatu, na fundi hupenda kueleza ngozi inavyokatwa.

Hatua ya 6: Kutuma, kuandika kumbukumbu, kusubiri

Kila barua ipe namba juu kulia: Barua ya 1, Barua ya 2. Naye mwombe afanye hivyo. Akipokea ya 4 kabla ya ya 3, wote mnajua kuna iliyopotea, na hakuna anayedhani amepuuzwa. Weka daftari dogo la tarehe uliyotuma, tarehe ya jibu, na mambo mawili matatu aliyosema (jina la mama yake, timu anayoshangilia). Hakuna kinachoumiza kama kumuuliza mtu mara ya pili kitu alichokueleza kwa kirefu.

Jibu usilitarajie wiki ijayo. Kukaguliwa, karatasi ya kuandikia, stempu, zamu ya kalamu, vyote vinachukua muda. Mpe wiki nane. Zikipita, tuma barua ya pili ya kawaida, isiyo na lawama. Ikipita tena bila jibu, muulize aliyekuunganisha. Sababu kubwa ni uhamisho: wafungwa huhamishwa gereza, na barua haiwafuati daima. Sababu ya pili ni kuachiwa. Msamaha wa Rais hutangazwa mara nyingi tarehe 26 Aprili na 9 Desemba, kwa hiyo barua iliyotumwa siku za karibu na hapo inaweza isimkute. Na sababu nyingine ni kwamba hana stempu na anaona aibu kukuambia. Uliza getini kama unaweza kuambatanisha bahasha yenye stempu na karatasi mbili tupu. Wakiruhusu, fanya hivyo kila mara.

Maswali ya wanakikundi

Swali (Sakina, Arusha): Nimeandika barua mbili, kisha nikapata ujumbe kwa simu kwamba ni yeye, anaomba nitume elfu ishirini kwa namba fulani. Nifanye nini?

Usitume, dada. Simu hairuhusiwi kwa mfungwa, kwa hiyo ama si yeye, au ni yeye na anavunja kanuni za gereza, na ukituma umeingia naye. Zile meseji za «tuma kwenye namba hii» tunazijua sote. Kwenye barua ijayo mwandikie kwamba wewe huwasiliana kwa barua tu. Usimtuhumu, maana pengine hajui lolote. Na jiulize namba yako imetokaje, kama uliiandika mahali.

Swali (Pasua, Moshi): Shikamoo. Niliyepewa hajui kusoma. Kuna maana ya kuandika?

Marahaba, mwanangu. Ipo, tena kubwa. Atasomewa na mwenzake, kwa hiyo andika kama unayezungumza: sentensi fupi, herufi kubwa, usitie siri ambayo hungependa wenzake wa selo waisikie. Soma barua kwa sauti kabla ya kuifunga. Wengine huanza kujifunza herufi kwa sababu wamechoka kuomba wasomewe. Akikuletea jina lake lililoandikwa kwa mkono wake, lisifie.

Swali (Kiboriloni): Sote ni Wachagga. Naweza kuandika Kichagga?

Salamu moja itampendeza. Barua nzima itakwama, kwa sababu anayekagua lazima aelewe kilichoandikwa, na asipokielewa ataiweka pembeni mpaka apatikane wa kumsomea. Andika Kiswahili. Hata vifupisho na majina ya utani ya nyumbani yaeleze, yasionekane mafumbo.

Swali (Ngarenaro): Anataka nimsaidie rufaa. Namwonea huruma.

Huruma ni sawa, lakini usijifanye wakili. Mwambie jambo moja la kweli: kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na aliye gerezani anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Siku zikiwa zimepita, anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu. Aombe kuonana na watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Maelezo ya kesi yenyewe yasipite kwenye barua zenu.

Swali (Njiro): Barua zake zimeanza kuwa za mapenzi. Nina mume.

Mjibu barua hiyohiyo, usingoje ya tatu. Sentensi mbili zinatosha: wewe ni rafiki yake na utaendelea kuwa rafiki, na hayo mengine hayawezekani. Kisha rudi kwenye habari za kawaida, vifaranga na mvua. Ukinyamaza ataelewa umekubali, na ukikata barua ghafla ataelewa amekosea kupita kusamehewa. Akiendelea baada ya hapo, mweleze aliyekuunganisha. Picha zako na za watoto usimtumie katika kipindi hiki.

Swali (Tengeru): Mimi nimepata rafiki wa barua aliyefungwa Marekani. Taratibu ni hizihizi?

Moyo ni uleule, taratibu ni tofauti. Huko kila jimbo na gereza lina kanuni zake, na bila namba ya mfungwa na anwani ya mtumaji barua inaweza kukataliwa. Majimbo kadhaa hayampi mfungwa karatasi uliyoandika: barua hupelekwa kwa kampuni, hupigwa skani, na yeye hupata nakala. Pennsylvania ilianza hivyo mwaka 2018. Kwa hiyo wino mzito, pambizo pana, upande mmoja wa karatasi, na anwani iliyo kwenye tovuti ya gereza lenyewe, maana anwani ya kupokelea barua inaweza kuwa ya kampuni hiyo, si ya gereza alipo. Huko kurasa zinazoeleza makosa ya wafungwa ziko wazi. Ukisoma, usijifanye hukusoma.

Swali (Moshi mjini): Wangu anatoka mwezi ujao. Ameuliza kama anaweza kuja nyumbani kusema asante.

Barua ya mwisho kabla hajatoka iandike mapema, imfikie ndani. Mwambie unafurahi, na kwamba mtaonana kanisani baada ya ibada, mchungaji akiwepo, siku fulani mtakayoitaja. Nyumbani hapana, kwa mara ya kwanza. Siku hiyo fika kabla yake, na kama ana jambo la nauli au nguo, mchungaji ashughulike nalo. Wewe mletee lile daftari lenye tarehe za barua zake.