Somo: Kulizunguka Bwawa la Minaki na Kuwangoja Popo wa Pugu kwa Siku Moja

Watu wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu Kazimzumbwi huipanga siku yao kuanzia asubuhi. Huamka mapema, hufika Bwawa la Minaki lililomo hifadhini jua likiwa la utosi, hupiga picha, hula walichobeba, kisha saa 9 alasiri huanza kurudi ili waiwahi foleni ya Gongo la Mboto. Nami nilifanya hivyo mara mbili za kwanza, na mara zote mbili nilirudi nyumbani nikiamini kwamba msitu ule hauna wanyama. Wanyama wapo, ila saa tuliyochagua kuwatembelea ndiyo saa wanayojificha. Ndiyo maana katika somo hili nitawaomba mpange safari kwa kuanzia mwisho wake: chukueni saa ambayo popo hutoka mapangoni, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka mjue ni saa ngapi mnapaswa kufunga mlango wa nyumba.

Hatua ya kwanza: tafuta saa ya machweo ya siku yako. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Mwezi wa 5 na wa 11 huzama mapema, mwezi wa 2 huchelewa. Popo huanza kutoka giza linapoingia, kwa hiyo uwe umesimama mahali pako, kimya, angalau robo saa kabla ya machweo. Ukishaipata saa hiyo, toa saa nzima ya kutoka bwawani hadi mapangoni bila kukimbizana, toa saa mbili na nusu za kulizunguka bwawa na kupumzika, kisha toa saa mbili za safari kutoka mjini. Kisarawe iko takribani kilomita 30 kutoka Posta, lakini anayeijua Barabara ya Nyerere haihesabu kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo, kikundi chetu huondoka mjini kabla ya saa 6 na nusu mchana, tukiwa tumekwisha kula.

Hatua ya pili: wasiliana na wahifadhi kabla ya siku yenyewe. Hifadhi hii inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na haifai kuingia kimyakimya kwa njia za wakata kuni. Eleza idadi yenu, umri wa watoto mlio nao, na useme wazi kwamba mnataka kubaki hadi jioni, kwa kuwa kukaa nje ya mapango baada ya machweo kunahitaji mwongozaji aliyepangwa mapema. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, na raia hutozwa ada ndogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho chako cha taifa. Lipeni kabla ya kuondoka nyumbani, maana kutafuta mtandao wa simu huku watu 20 wamesimama juani ni namna mbaya ya kuianza siku.

Hatua ya tatu: nguo na mizigo. Vaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika kidole. Sisemi haya kwa ajili ya nyoka, ambao ni nadra kuwaona, bali kwa ajili ya vitu viwili ambavyo kila mtu wa pwani anavijua: siafu wakati wa mvua, na upupu wakati maganda yake yamekauka. Kijana mmoja wa kikundi chetu alijipenyeza kichakani akiwa na fulana ya mikono mifupi ili apige picha ya kipepeo, na tuliusikia mlio wake kabla ya kumwona. Upupu ukikupata usijikune, kwa sababu kukuna husambaza vile vinyweleo. Vua nguo iliyoguswa, bandika na kubandua selotepu juu ya ngozi ili ivinase, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Tangu hapo selotepu haikosi katika mkoba wangu.

Maji ya kunywa yawe lita moja na nusu kwa mtu. Chakula kiwe katika vyombo vinavyorudi nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na msituni katazo hilo lina maana kuliko popote. Tochi ni lazima kwa kila mmoja, na iwe na taa nyekundu au ifunikwe kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mweupe huwasumbua wanyama wa usiku.

Hatua ya nne: bwawani. Hapa ndipo ninapotaka mtumie muda mwingi zaidi. Msishuke garini na kuanza kutembea. Simameni kwanza mahali penye kivuli, dakika 10 nzima, mtazame maji. Kwa kawaida dakika mbili za mwanzo hakuna kitu, kisha jicho linaanza kutofautisha: mdiria aliyekaa juu ya tawi kavu akilenga samaki, yangeyange akinyata ukingoni, mayungiyungi yaliyoanza kufumba kwa sababu jua limeegemea magharibi. Baada ya hapo fuateni njia ya ukingoni pamoja na mwongozaji, kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na bwawa liwe upande mmoja wenu wakati wote, ili hata mtu aliyebaki nyuma ajue anakoelekea. Njia ni ya udongo, si ya lami wala vigae, na baada ya mvua kuna sehemu inayoteleza kama sabuni. Mwongozaji akisema leo upande fulani haupitiki, rudini kwa njia mliyojia bila kubishana naye.

Tazameni pia upande wa pili, yaani msituni. Huu ni msitu wa mwambao, wa aina ambayo zamani ilienea katika pwani ya Afrika Mashariki na sasa imebaki vipande vipande, na kipande hiki kinapakana na jiji lenye mamilioni ya watu wanaopikia mkaa. Kuna miti ambayo jina lake la kisayansi limebeba jina la Pugu lenyewe, kama vile Millettia puguensis na Baphia puguensis. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe mmojawapo, muuguse. Juu ya matawi mnaweza kuwaona kima na hondohondo. Chini, katika majani makavu, sikilizeni mchakacho wa haraka unaokatika ghafla: mara nyingi huyo ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye hufukua wadudu mchana na hukimbia kabla hujamwonyesha mwenzako kwa kidole. Mwenye haraka hamwoni sange hata siku moja.

Nina ombi moja kwa walimu na wazazi. Mkiwa mmepumzika mahali penye mwinuko, waelezeni watoto kwamba Mto Msimbazi, wanaouona ukiwa mchafu Vingunguti na ukifurika Jangwani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, una vyanzo vyake katika vilima hivi vya Pugu na Kisarawe. Mvua inayonyesha juu ya msitu hupokelewa na majani, huzama taratibu katika udongo, na hutoka kidogo kidogo. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya kilima kilichokatwa miti hushuka siku hiyohiyo pamoja na udongo wake. Mtoto wa Kigogo aliyewahi kuyaona maji yakiingia sebuleni kwao hahitaji maelezo marefu zaidi ya hayo.

Hatua ya tano: mapangoni. Mapango haya hayakuchongwa na maji wala upepo. Ni mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Binadamu walipoondoka, popo waliingia. Simameni nje, mbali na mdomo wa pango, mahali atakapowaonyesha mwongozaji, na mzime taa. Mwanzo hutoka mmoja, halafu watatu, halafu wanakuwa utepe mrefu mweusi unaopanda juu ya miti, na mnausikia upepo wa mabawa yao. Msiwapigie makelele wala msiwamulike. Msiingie ndani, hata kama kuna mtu atakayewaambia kwamba yeye huingia kila wiki.

Hatua ya sita: kurudi. Hesabuni watu kabla ya kuwasha gari. Wakati mnatembea kuelekea barabarani, sikilizeni komba. Msitu huu ni miongoni mwa misitu michache duniani anakoishi komba mdogo kabisa wa Rondo, mwenye uzito wa takribani gramu 60 na aliye hatarini kutoweka. Kumwona ni bahati kubwa, lakini sauti za jamii ya komba husikika mara nyingi giza likishaingia, na kundi likinyamaza dakika tano tu litapata cha kusimulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa miaka minne na mama yangu mzazi anayesumbuliwa na magoti. Je, wanaweza kulizunguka bwawa?

Jibu: Marahaba. Mtoto ataweza ikiwa utakubali kusimama kila anapoona mdudu, nami ningekushauri ukubali. Kwa mama, nisingethubutu kumpitisha njia yote ile, kwa kuwa ina miinuko na mizizi. Mletee kiti cha kukunja, mketishe kivulini mahali pa kwanza nilipopataja, na mtu mmoja abaki naye. Kwa hakika anayekaa mahali pamoja saa mbili huona ndege wengi kuliko sisi tunaotembea. Ikiwa ni lazima apate mahali palipotengenezwa, hasa kama anatumia kiti cha magurudumu, basi mpangie siku nyingine ya Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1 na njia ya waenda kwa miguu iliyo tambarare, wakati wa asubuhi au jioni upepo unapotoka baharini. Wengine pia wanaweza kulitumia daraja hilo kama kipimo: ukilienda na kurudi bila taabu, miguu yako iko tayari kwa Minaki.

Mwanachama wa Tabata: Tumesikia habari za ugonjwa wa Marburg kule Kagera. Je, si hatari kuwapeleka watoto kwa popo?

Jibu: Swali hili ni la msingi, na ndiyo sababu nimekataza kuingia pangoni. Nchi yetu ilipata milipuko ya Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na wataalamu wanakihusisha kirusi hicho na aina ya popo wala matunda wanaoishi katika mapango na migodi. Aidha, vinyesi vya popo katika mahali pasipo na hewa huweza kuwa na kuvu linaloshambulia mapafu. Hatari zote mbili huja kwa kukaa ndani ya pango, kugusa popo au kugusa vinyesi vyao. Kusimama nje kwa mbali na kuwatazama wakiruka ni jambo tofauti. Msiokote popo aliyeanguka, msile tunda lililotafunwa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Nami nawasihi msirudi nyumbani na kuwafundisha watoto kuwachukia popo, kwa maana kuna wanaokula wadudu kila usiku na kuna wanaosambaza mbegu za miti ya msitu huuhuu.

Mwanachama wa Kimara: Joto likizidi, tunaweza kuogelea bwawani?

Jibu: Hapana. Maji baridi yaliyotulia na yenye majani ukingoni ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na minyoo yake hupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa muda mfupi tu. Tope la ukingoni nalo halionyeshi kina chake. Anayetaka kuingia bwawani kwa mtumbwi au kuvua samaki aulize wahifadhi wakati wa kuweka miadi, na avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea.

Mwanachama wa Ubungo: Mwezi gani ni mzuri?

Jibu: Kuanzia Juni hadi Septemba, kwa sababu njia ni kavu na hewa ni ya kipupwe, ingawa upupu nao huwa umekauka. Vuli ikianza vipepeo ni wengi na msitu una rangi nzuri, mradi uwe tayari kwa tope. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sipeleki kikundi.

Mwanachama wa Sinza: Naruhusiwa kurusha droni?

Jibu: Si bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya hifadhi. Jioni usiirushe hata ukiwa na vibali vyote, maana utaipeleka katikati ya njia ya popo.

Mwanachama wa Temeke: Sisi hatuna gari. Tunaweza kwenda kwa daladala na bado tukawaona popo?

Jibu: Kwenda ni rahisi: daladala hadi Gongo la Mboto, kisha nyingine ya Kisarawe. Ugumu ni kurudi usiku. Muwe angalau watu sita, mchange mkodi gari dogo la kuwachukua, na mkubaliane na dereva kwamba atakuwa amefika kabla ya machweo, si kwamba mtampigia simu mkimaliza. Nauli nusu mpeni mkishamwona. Mkiwa wawili au watatu tu, tembeeni bwawani, mwondoke saa 11 jioni mkiwa na mwanga, na popo tutawapeleka sisi katika safari ya kikundi. Andikeni majina yenu hapa chini pamoja na mtaa mnaotoka, ili tupange wa njia moja wapande gari moja.