Kuzitambua kompyuta moja moja zinapowaka kwa mtandao

Chumba kina kompyuta 20 za mtumba, hazina diski, zote zinawaka kutoka seva moja. Wewe unajua namba saba ni ile ya dirishani. Seva inachokijua ni anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, na UUID, namba ya utambulisho iliyomo kwenye ubao mama. Shika MAC. UUID ina faida ya kubaki ileile hata kadi ikibadilishwa, lakini kuna mbao za bei rahisi zinazotoka kiwandani na UUID ya sifuri tupu au F tupu. Mbili zikifanana, seva haina namna ya kuzitenga.

Andikisha moja moja. Chomoa nyaya zote kwenye swichi isipokuwa ya seva na ya kompyuta moja, uiwashe, na kwenye seva utazame kumbukumbu za dnsmasq, programu inayogawa anwani za IP:

journalctl -fu dnsmasq

Utaona DHCPDISCOVER, yaani ombi la kompyuta la kupewa anwani, na MAC kwenye mstari huohuo. Zikiwaka zote kwa pamoja, kama umeme unaporudi, mistari huchanganyika. Ukishaipata MAC, ongeza kwenye dnsmasq.conf mstari wenye MAC, jina na anwani ya IP, kisha uianzishe upya dnsmasq:

dhcp-host=00:1e:4f:a2:07:3c,lamu07,192.168.10.27

Andika 07 kwenye kasha pia, kwa rangi ya mafuta. Stika ya karatasi Lamu haimalizi msimu wa kusi, unyevu huibandua.

Ukitumia PXELINUX, programu ya kuwashia Linux kupitia mtandao, kila kompyuta hutafuta faili lake la mipangilio ndani ya folda ya pxelinux.cfg kwenye seva kwa mpangilio huu: UUID kwanza, kisha 01-00-1e-4f-a2-07-3c, kisha anwani ya IP kwa heksadesimali, C0A80A1B, ikipunguzwa tarakimu moja moja kutoka mwisho, na hatimaye faili la wote liitwalo default. Hiyo 01 ya mbele ni alama ya Etheneti, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Herufi za MAC ziwe ndogo, na vistari badala ya nukta pacha. Ukikosea hupati onyo lolote: kompyuta inaangukia default na kuwaka vizuri tu, nawe unadhani umefaulu. Kwa hiyo default isiwashe mfumo. Iweke ioneshe maneno «HAIJAANDIKISHWA» na isimame hapo.

Ongeza IPAPPEND 2 kwenye faili la kila kompyuta, ili Linux ipokee BOOTIF na kujua ni kadi ipi iliyotumika. Bila hiyo, kompyuta yenye kadi mbili inaweza kuchagua isiyo na waya.

Tatizo linalosumbua mafundi zaidi huja baadaye, Linux ikishapanda. systemd-networkd, sehemu ya Linux inayosimamia mtandao, huomba anwani kwa kitambulisho kinachotokana na /etc/machine-id, faili lenye namba ya utambulisho wa mfumo, si kwa MAC. Kama kompyuta zote zinatumia nakala moja ya mfumo, machine-id ni moja, basi zinanyang'anyana anwani. Acha faili hilo tupu kwenye nakala, na kwenye faili la .network, la mipangilio ya systemd-networkd, chini ya [DHCPv4], andika ClientIdentifier=mac.

Chumvi ikila soketi ukaweka kadi nyingine, MAC nayo imebadilika. Rekebisha mstari wa dhcp-host na jina la faili. Kisha simamisha dnsmasq kwanza, ndipo ufute mstari wa zamani kwenye /var/lib/misc/dnsmasq.leases, faili la anwani zilizokwisha kugawiwa; ukiufuta dnsmasq ikiwa inafanya kazi, itauandika tena. Na ile kadi ya zamani usiihamishie kompyuta nyingine kabla ya kufuta usajili wake, la sivyo jina litaifuata huko.