Kumtengenezea ndugu yako kompyuta ya mezani kwa pesa kidogo

Mtu anapotaka kumtengenezea mdogo wake wa sekondari kompyuta ya mezani, au mama yake mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, kwa kawaida huanza kuorodhesha vipuri: madabodi huku, prosesa kule, kesi, pawa saplai. Kwa bajeti ndogo, njia hiyo haifai. Kipuri kipya kinafika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi kikiwa kimebeba faida ya kila mkono uliokipitisha, na ukinunua kimoja kisichopatana na wenzake, kukirudisha dukani ni ugomvi. Nunua mashine iliyotumika ofisini Ulaya, ifungue, isafishe, ibadilishe RAM (kumbukumbu ya kazi) na diski, halafu pesa iliyobaki iende kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Tafuta Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4, au Lenovo ThinkCentre M720. Zote hubeba prosesa za Intel za kizazi cha 8, na hapo ndipo pa kuweka mstari. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5", bado hajakwambia kitu. Soma namba iliyo baada ya kistari: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-6500 ni cha 6, i5-3470 ni cha 3. i3-8100 ya kizazi cha 8 inaipita i5-3470 bila shida, kwa hiyo usilipie jina la i5 peke yake. Stika ya nje nayo si ushahidi, kwa sababu hubanduliwa na kubandikwa. Washa mashine uisome namba kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo.

Ukiwa humo ndani ya BIOS, kagua jambo linalowaponza wengi: nywila. Mashine hizi zilikuwa za makampuni, na nyingine bado zimefungwa. Kama huwezi kubadilisha kitu bila nywila, muuzaji aifungue mbele yako au uiache. Angalia pia saa na tarehe. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, betri ndogo ya CR2032 imekufa. Ni rahisi kubadilisha, lakini ukiiacha, tovuti zitakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali, na ndugu yako atadhani intaneti ni mbovu.

Kabla ya kulipa, iache iwake angalau dakika ishirini huku ikicheza video. Sikiliza feni, jaribu kila tundu la USB la mbele na la nyuma, na nusa hewa inayotoka kwenye pawa saplai. Ipe umuhimu pawa saplai, kwa sababu za Dell na HP hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, ya dukani haiingii. Utatafuta ya aina ileile. Ndiyo maana pia hutaweza kuongeza kadi kubwa ya michezo inayotaka waya wake wa umeme. Michoro ya ndani ya i5-8500, yaani uwezo wa prosesa wenyewe wa kuonyesha picha bila kadi, inatosha kwa video, masomo na michezo midogo.

RAM na SSD

RAM ya mashine hizi ni DDR4. Kesi ndefu na zile nyembamba hutumia RAM ndefu ya pini 288. Zile ndogo zinazoitwa Micro, Mini au Tiny hutumia ya laptopu, pini 260. Lengo ni GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, kwa sababu prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja na michoro ya ndani hukopa RAM hiyohiyo. Pesa ikibana, chukua kipande kimoja cha GB 8, si viwili vya GB 4, hasa kama bodi ina nafasi mbili tu. Kasi ya michoro itapungua, lakini nafasi ya kuongeza baadaye itabaki.

SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) usiikwepe hata bajeti iwe ndogo kiasi gani. i3 yenye SSD humridhisha mtumiaji kuliko i5 yenye hard diski ya kuzunguka. GB 240 au 256 zinatosha kuanzia. Ukinunua ya M.2, tazama meno yake: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe (aina ya kasi zaidi), yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA (aina ya zamani), na si kila sloti hukubali zote mbili. Uliza kwa kutaja modeli ya kompyuta yako. Ukichagua ya inchi 2.5, hakikisha ndani kuna waya wa data na wa umeme uliobaki wazi.

Kuifungua na kuifunga

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa bodi. Puliza vumbi kwa blowa huku ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Ng'oa kipoza joto cha prosesa kwa kulegeza skrubu kidogokidogo kwa mshazari, futa pesti ya kupitisha joto ya zamani iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, kisha kaza tena kwa mshazari. Usisahau kurudisha plagi ya feni. Bila hiyo mashine italalamika kila ikiwaka.

RAM ibonyeze hadi usikie vibanio vikilia. Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi huku taa ya Dell ikipepesa njano mara mbili na nyeupe mara tatu, RAM haijaonekana. Itoe, sugua miguu yake yenye rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha, na ujaribu kipande kimoja kimoja.

Kuweka mfumo

Kabla ya kuchomeka flashi yenye kisakinishi cha Windows au Linux (GB 8 au zaidi), rudi BIOS utazame sehemu ya SATA. Dell nyingi huja zikiwa "RAID On", na hapo kisakinishi kinaweza kusema hakuna diski. Weka AHCI, chaguo jingine la palepale, sasa. Ukibadilisha baada ya kusakinisha, Windows haitawaka. Palepale tafuta "AC Recovery" na uweke "Power Off", ili umeme unaokatika na kurudi usiiwashe mashine yenyewe usiku.

Menyu ya kuchagua flashi ni F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mashine nyingi za ofisi zina leseni ya Windows Pro iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo sakinisha toleo la Pro na itajiamilisha ikipata intaneti. Usiweke programu za kuvunja leseni. Virusi vingi hupitia humo. Ukikosa leseni, Linux Mint pamoja na LibreOffice vinafanya kazi zote za shule na duka bila malipo.

Mashine hizi mara nyingi hazina Wi-Fi. Nunua kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, na kama Windows haikitambui, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, upakue draiva yake, yaani programu ya kukiendesha.

Monita iliyotumika ya inchi 22 inafaa. Tazama matundu kwanza: nyingi za kompyuta hizi hutoa DisplayPort, na waya wa DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda monita.

Umeme

UPS ya VA 650 inatosha. Kompyuta hii na monita yake vikila wati 70 hivi, betri ya volti 12 na Ah 7 iliyo nzima hukupa dakika 15 hadi 25 za kuhifadhi kazi na kuzima. Ya mtumba ijaribu dukani: chomoa ukutani kompyuta ikiwa inawaka. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS huzima kila kitu.

Hard diski ya zamani usiitupe. Ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha afya njema, iache ndani iwe ya nakala za akiba, na umwoneshe ndugu yako namna ya kunakilia faili zake humo kila Jumamosi. Mfungulie akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, na nywila ya msimamizi ibaki kwako.