Wiki ya Gofu Hilton Head: Jinsi ya Kuingia Kisiwani, Kutazama Mchezo na Kutoka Bila Kuhangaika

Kila Aprili, mara tu mashindano ya Masters ya Augusta yanapokwisha, wachezaji wakubwa wa gofu duniani huhamia Hilton Head, kisiwa cha jimbo la South Carolina nchini Marekani. Huko hucheza mashindano yaitwayo RBC Heritage. Mimi ni dereva wa wageni: nawapokea uwanja wa ndege wa Savannah, katika jimbo jirani la Georgia, nawafikisha kisiwani, nawasubiri, nawarudisha. Wengi wanaopanda gari langu wanaujua mchezo kuliko mimi, lakini kisiwa hawakijui hata kidogo, na hapo ndipo siku zao huharibikia. Barabara ya kuingia kwa gari ni moja tu. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita mbili na zaidi. Panga siku zako kwa daraja na kwa maji kwanza, halafu ndiyo uangalie ratiba ya gofu.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kununua tiketi

Jumatatu hadi Jumatano ni mazoezi, pamoja na mchezo unaowachanganya mabingwa na wachezaji wa kawaida. Ushindani wenyewe ni Alhamisi hadi Jumapili. Kama una mtoto anayetaka saini ya mchezaji kwenye kofia, mpeleke siku za mazoezi. Ushindani ukianza, wachezaji hawasimamishwi uwanjani. Kama unataka kuona mashindano yenyewe na una siku moja tu, chukua Ijumaa. Mashindano haya sasa yamo katika kundi la juu la PGA Tour, mfululizo mkuu wa gofu ya kulipwa Marekani, zawadi yake dola milioni 20, wachezaji sabini na kitu, na hakuna mchujo baada ya raundi ya pili. Kwa hiyo unayemtaka utamkuta, na watu ni wachache kuliko Jumapili.

Tiketi huja kwenye simu. Ipakue ukiwa nyumbani, kwa sababu langoni watu maelfu wanagombania mtandao uleule.

Hatua ya 2: Malazi

Uwanja wa Harbour Town uko ndani ya Sea Pines, mtaa wenye malango yake kwenye ncha ya kusini ya kisiwa. Ukilala Sea Pines, unakwenda uwanjani kwa miguu au kwa baiskeli. Ukilala karibu na ufukwe wa Coligny, bado uko upande mzuri. Bluffton, ng'ambo ya daraja, ni nafuu zaidi, ila kila asubuhi utalipa tofauti ile kwa muda wako barabarani.

Nyumba za kupanga kwa siku chache ni nyingi, na matapeli wamo. Mgeni wangu mmoja alituma pesa kwa mtu aliyemwonyesha picha nzuri. Tulipofika kwenye anwani tukakuta familia inaishi pale miaka yote, haina habari. Tulizunguka hadi usiku tukitafuta chumba. Tangu mwaka 2023 mji wa Hilton Head unadai kila nyumba ya namna hiyo iwe na kibali. Mwombe mwenye nyumba namba ya kibali chake kabla hujatoa hata dola moja. Akianza kuzunguka maneno, achana naye.

Hatua ya 3: Vuka daraja kwa saa yako, usivuke kwa saa ya wengine

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kutoka Savannah unashika barabara kuu ya I-95 kuelekea kaskazini, unavuka mto kuingia South Carolina, unatoka njia ya kutokea namba 8, kisha unafuata US 278 kuelekea mashariki, unapita Bluffton hadi darajani. Barabara ikiwa tupu, ni kama saa moja. Wiki ya mashindano usitegemee hivyo.

Daraja la kwanza lilijengwa mwaka 1956. Kabla ya hapo watu walivuka kwa chombo. Leo sehemu kubwa ya wanaofanya kazi hotelini, jikoni na bustanini wanaishi bara, kwa hiyo asubuhi foleni ni ya kuingia na jioni ni ya kutoka. Mashindano yanamwagia mtindo uleule magari ya watazamaji. Mimi huvuka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa nne, katikati sithubutu. Mwaka mmoja nilimsikiliza abiria aliyetaka amalize kifungua kinywa chake Bluffton kwanza. Tulikaa barabarani, tukiyaona maji pande zote mbili, na mchezaji aliyemfuata kutoka mbali akaanza raundi yake sisi tukiwa bado hatujafika kisiwani. Alinyamaza njia nzima. Nilijilaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua barabara.

Ukishavuka, chukua Cross Island Parkway badala ya kuifuata William Hilton Parkway hadi mwisho. Zamani ilikuwa ya kulipia. Tangu mwaka 2021 ni bure. Inakupeleka kwenye mzunguko wa Sea Pines Circle. Hapo, ndugu zangu mliozoea kuendesha kushoto, tulieni: magari yanazunguka kinyume na ya kwetu, na aliye ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki. Tazama kushoto kwako, subiri nafasi, ingia.

Usipeleke gari hadi langoni kwa Sea Pines ukitumaini kupata pa kuliweka karibu na uwanja. Mashindano yana maegesho yake na mabasi ya kupeleka watu. Soma kwenye tiketi yako ni maegesho gani ya mwaka huo, uende hapohapo. Kwa aliyelala kisiwani, nasema kodi baiskeli. Kisiwa kina njia za baiskeli zaidi ya kilomita 90, tambarare, chini ya kivuli cha misonobari na mialoni. Charles Fraser, aliyeanza kuijenga Sea Pines miaka ya 1950, alikataza miti kukatwa ovyo, ndiyo maana hata leo utapita karibu na duka usilione. Mabango ni madogo na taa za barabarani ni chache, kwa hiyo usiku tembea na taa yako.

Hatua ya 4: Mkoba, viatu, usubi

Mkoba usioonyesha ndani usizidi inchi 6 kwa 6. Wa plastiki angavu unaruhusiwa hadi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Simu inaruhusiwa, tofauti na Augusta, lakini iwe kimya. Viatu viwe vya chini na vya kufunga, maana utatembea sana kwenye nyasi zenye umande. Koti jepesi la mvua lisikose.

Kisha usubi. Aprili ni msimu wao. Huwaoni, unasikia tu ngozi inawaka, hasa alfajiri na jioni upepo ukitulia karibu na mabwawa. Paka dawa kabla hujatoka, usisubiri kuumwa.

Ukipenda kuvaa kama wenyeji, tafuta kitu chenye miraba ya Kiskoti. Bingwa huvishwa koti jekundu la miraba, na watazamaji wengi huvaa hivyo.

Hatua ya 5: Simama mahali panapofaa

Harbour Town ilichorwa na Pete Dye akishirikiana na Jack Nicklaus, ikafunguliwa mwaka 1969, na Arnold Palmer akashinda mashindano ya kwanza mwaka huohuo. Si uwanja wa nguvu. Njia zake ni nyembamba, miti imesogea, na grini, ile nyasi fupi yenye bendera, ni ndogo mno. Mchezaji akipiga mita chache pembeni, tawi linamzibia. Kwa mtazamaji hiyo ni neema: hapa unasimama karibu na mchezaji kiasi cha kusikia anavyoshauriana na kedi wake, mbeba fimbo, kuhusu upepo.

Anza shimo la 13. Grini yake imezungukwa na mchanga uliozuiwa kwa ukuta wa mbao za msiprasi, wazo la Alice Dye, mkewe Pete. Simama ubavuni. Mpira ukidondoka mchangani, mchezaji hushuka chini ya mbao zile ukaona kofia na mabega tu. Fimbo inapanda, mchanga unaruka kama moshi, halafu mpira unatokeza juu polepole na kuanguka karibu na bendera. Ukishaona hivyo mara tatu nne utaelewa mikono ya watu hawa ina nini.

Alasiri sogea mashimo ya 17 na 18, pembeni ya mkono wa bahari wa Calibogue. La 17 ni la mapigo matatu, yaani bingwa hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo hayo, na linaelekea majini, upepo ukikupiga usoni. La 18 lina maji kushoto njia nzima, na mbele yake mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, ambao ndio wachezaji wanaulenga. Mashua hutia nanga nje kutazama. Wahi, maana nafasi nyuma ya grini ya 18 huisha mapema. Mwanzoni mwa wiki huwa kuna sherehe ya ufunguzi hapohapo: bingwa mtetezi anapiga mpira baharini na mzinga unalipuliwa wakati huohuo. Walio na watoto wachanga wasimame mbali.

Adabu ni chache na ni za lazima. Msimamizi akiinua mikono, ganda ulipo na unyamaze. Aliye mbele akimaliza kuputi, yaani kuusukumia mpira shimoni, usiondoke; wenzake bado. Ukisikia mtu anapaza sauti "foo!", usitazame juu kutafuta mpira. Inama, funika kichwa kwa mikono.

Na mabwawa ya uwanjani yana mamba. Pua yao ni butu kuliko ya mamba wa Rufiji na wanapenda kujianika jua kama gogo, lakini kaa mita 18 mbali na usimtupie hata kipande cha mkate. Kumlisha ni kosa kisheria, na mamba aliyezoea kulishwa na watu mwisho wake huuawa.

Hatua ya 6: Pwani, kwa saa ya maji

Ufukwe una urefu wa kilomita 19 hivi, na mchanga wake maji yakipwa ni mgumu hata baiskeli inapita juu yake. Maji yakijaa unabaki ukanda mwembamba. Nilimleta mama mdogo, aliyekulia Tanga, akanisomesha mwenyewe. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Akasema, "Mwanangu, hili ni bamvua, kesho pwani itakuwa pana." Ikawa hivyo. Tofauti ni saa tu: siku za bamvua hapa maji hujaa mishale ya saa tatu asubuhi na kupwa kama saa tisa alasiri, sivyo kama kwetu. Siku za maji mafu usitarajie upana ule. Tazama jedwali la maji kila jioni.

Coligny ndio ufukwe wa wazi ulio karibu na Sea Pines. Pombe na chupa za kioo haziruhusiwi. Ukiokota sanidola, yule mnyama bapa wa mviringo, mgeuze: akiwa na vinyweleo vya kahawia yu hai, mrudishe majini. Kumchukua ni kosa.

Hatua ya 7: Toa nusu siku kwa Mitchelville

Naomba usiiruke hii. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini lilikiteka kisiwa Novemba 1861, na mwaka 1862 Waafrika waliokuwa wametoka utumwani wakaanzisha hapa mji wao, Mitchelville. Walichagua viongozi wao na wakaifanya shule kuwa lazima kwa watoto, huku vita bado inaendelea. Leo ni bustani ya kumbukumbu upande wa kaskazini, mbali na msongamano wa gofu. Wajukuu wao ni Wagullah, walioishi kisiwani hapa miaka mingi kabla ya uwanja wa kwanza wa gofu, na lugha yao bado ina maneno ya Afrika. Karanga wanaiita "goober", kutoka Kikongo "nguba".

Ukimkuta msusi wa vikapu, kaa naye. Mama mdogo alikishika kikapu akakigeuza kitako juu. "Sisi tunasuka ukili kwanza, kisha tunashona," akasema. "Hawa wanaanza katikati wanazungusha." Fungu la nyasi tamu, limefungwa kwa uzi wa jani la mtende, linazunguka na kuzunguka mpaka ukingoni. Yule mama msusi akampa sindano ajaribu. Walikaa saa nzima, mmoja na Kiingereza chake kidogo, mwingine na Kigullah chake, na mimi sikutafsiri kitu.

Hatua ya 8: Usikate tiketi ya ndege ya Jumapili usiku

Mwaka 2022 Jordan Spieth alishinda baada ya shimo la ziada la kuvunja sare. Mwaka 2023 yeye na Matt Fitzpatrick walihitaji mashimo ya ziada matatu, Fitzpatrick akashinda. Mwaka 2024 mvua ya radi ilisimamisha mchezo na Scottie Scheffler akamalizia Jumatatu. Mwaka 2025 Justin Thomas naye akashinda kwa shimo la ziada, tena Jumapili ya Pasaka. Miaka minne mfululizo mchezo ulipita muda wake, na kila mwaka nimeona watu wanakimbilia mabasi huku makofi yanalipuka nyuma yao.

Lala kisiwani Jumapili. Jumatatu, magari mengi ya asubuhi yatakuwa yanaingia wewe ukitoka. Ondoka saa mbili, pita Cross Island, vuka daraja, na kabla ya saa nne utakuwa umeshashusha mizigo Savannah.